Tulisahau Maji, Tukaulaumu Wembe

Mhariri,

Wiki chache zilizopita ulichapisha barua ya msomaji aliyeiacha mashine ya umeme akaingia kwenye wembe, brashi na sabuni, na baada ya siku kumi akarudi kwenye mashine yake akiwa na shingo iliyojaa vipele na hasira tele moyoni. Aliulaumu wembe kwa kila kitu, na mwishowe akawaonya wasomaji wengine wasithubutu. Naomba nafasi nimjibu kwa heshima, kwa kuwa yaliyompata yeye yalinipata mimi pia, tena katika umri ambao mtu hutarajiwa awe ameshajua kunyoa ndevu zake. Tofauti yetu ni kwamba mimi naishi Lamu, mwendo wa dakika tano kutoka kwa kinyozi mzee ambaye hakuona haya kuniambia nilipokosea.

Kwa miaka zaidi ya 20 nilinyoa kwa mashine ya umeme, na sitaki kuisema vibaya, maana ilinifaa. Ndani yake mna vijisu vinavyokwenda mbio chini ya wavu mwembamba wa chuma wenye matundu. Udevu ukiingia tunduni hukatwa, na kisu chenyewe hakiigusi ngozi, ndiyo sababu mtu anaweza kunyoa huku anasikiliza habari za asubuhi redioni bila kujitoa damu. Jacob Schick, ofisa wa jeshi la Marekani, alianza kuiuza mashine yake mwaka 1931 kwa jina lililotangaza unyoaji mkavu, na ukavu huo ndio uliokuwa fahari yake: mnunuzi hakuhitaji maji wala sabuni. Kwa askari aliye katika baridi kali, mbali na moto na maji, nakubali kwamba hiyo ni neema.

Lakini mashine hiyo inataka uso mkavu, na hapa kwetu, unapofika msimu wa kaskazi, uso mkavu ni kitu cha kutamani tu. Nilikuwa natoka kuoga, najipangusa, na kabla sijaiwasha jasho limeshanitoka. Ndevu zikalala kwenye ngozi, mashine ikawa inaburuta badala ya kuteleza, nami nikaikandamiza, na kila nilipozidi kuikandamiza shingo ikazidi kuwaka. Mke wangu ndiye aliyenifundisha kujipaka poda ya mtoto kwanza, nikawa kila asubuhi natoka bafuni kama mtu aliyekuwa akichekecha unga. Kisha kuna umeme wenyewe. Betri ya mashine yangu ilikuwa imezeeka, haikai na chaji, na asubuhi moja umeme ulikatika nikiwa nimemaliza upande wa kulia tu. Niliingia darasani na shavu moja la bwana harusi na jingine la baharia aliyetoka safari ya mwezi, na watoto, kwa adabu yao, walisubiri mpaka nilipogeukia ubao ndipo wakacheka.

Mpwa wangu aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa alinihurumia, akaniachia kishikio chake cha chuma, kile kinachofunguliwa kichwani kikatiwa wembe wa kawaida wenye makali pande mbili, ule unaouzwa katika kila duka la mtaa wetu wa Langoni karibu na viberiti na mishumaa. Uvumbuzi huo si wa jana. King Camp Gillette alipata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, huko Marekani mwaka 1904, na mwaka mmoja kabla ya hapo, alipokuwa ndiyo kwanza anaanza biashara, aliuza vishikio 51 na nyembe 168 kwa mwaka mzima, mauzo ambayo muuza duka wa mtaani angeyaonea aibu. Leo wembe wa jinsi hiyo, wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, anao fundi cherehani wa kufumulia mshono na anao mwanafunzi wa kuchongea penseli, na pengine hao wawili wanautumia zaidi kuliko wanaonyoa.

Nilichagua siku mbaya ya kuanza, kwani ilikuwa Ijumaa na nilikuwa na haraka. Nilisimama bafuni mbele ya kioo, nikajirashia kata mbili za maji kutoka kwenye birika, nikajipaka sabuni ya kuogea kwa kiganja, nikakishika kile kishikio kama nilivyozoea kuishika mashine, yaani kwa nguvu na kwa kuzungusha. Mashine yenye vichwa vya duara, kama yangu, huzungushwa usoni na haina neno. Wembe ukizungushwa, yale makali hupita ngozini kwa ubavu, na ngozi haina la kufanya ila kupasuka. Nilipofika chini ya kidevu, karibu na koromeo, nilihisi kibaridi kidogo tu, hata sikudhani kuwa ni jeraha, mpaka nilipokwisha kuvaa kanzu iliyopigwa pasi usiku uliotangulia na mke wangu akanionyesha doa jekundu shingoni mwa kanzu. Sikuwa na nyingine safi. Nilikwenda msikitini nimejifunga kilemba kwa namna ambayo haikumdanganya mtu.

Baada ya sala nilipita kwa kinyozi. Ni mzee aliyeanza kazi hiyo enzi ambazo wembe wa kukunja ulinolewa kwa kinoo kisha ukapitishwa kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa ukutani, na mkanda wenyewe bado uko, mweusi na mkavu kama mkia wa samaki taa. Alinitazama shingo, akanitajia nusu ya methali, kinyozi hajinyoi, akaniachia mimi niimalizie.

“Akijinyoa hujikata, ami,” nikamwambia.

Akacheka, akatoa kipande cha shabu kwenye kopo, akakilowesha na kukipitisha jerahani, nacho kikaniwasha kama maji ya ndimu na damu ikakatika papo hapo. Kisha akaniuliza nilitia maji kiasi gani. Nikamjibu, kata mbili.

“Mai kwanda, mwalimu,” akasema kwa Kiamu chake, yaani maji kwanza, “wembe baadaye. Na mai si ya kupaka, ni ya kungojea.”

Mhariri, hapa ndipo ninapotofautiana na yule msomaji wako. Kila tunapokaribia uchaguzi, na kila jirani anapopatwa na jambo, tunaambiana kwamba mwenzako akinyolewa wewe tia maji, na tumeisikia methali hiyo mara nyingi hata tukasahau kwamba, kabla ya kuwa onyo, ilikuwa maelezo ya kazi. Aliyekuwa akingoja zamu yake kwa kinyozi alitakiwa akiloweshe kichwa mapema, ili atakapokaa kwenye kigoda nywele ziwe zimeshalainika. Methali haikumwambia atafute wembe mkali zaidi. Ilimwambia atie maji, tena ayatie wakati mwenzake bado ananyolewa, na muda huo wa kungoja ndio ambao mimi na msomaji wako tuliuruka kwa sababu mashine ilikuwa imetuzoesha kuanza mara tu mkono unapoinuliwa.

Unywele hunywa maji. Ukikaa ndani yake, hasa yakiwa ya uvuguvugu, kwa dakika mbili au tatu, hufura kidogo na kulegea, na wembe huukata kwa nguvu ndogo zaidi kuliko ukiwa mkavu. Wala mtu asidhani kwamba udevu ni kitu dhaifu mbele ya chuma. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao juu ya jambo ambalo vinyozi walilijua bila darubini, kwamba wembe huisha makali kwa kunyoa kitu ambacho ni laini kuliko chuma chake mara 50 hivi. Waliona kwamba unywele unapojipinda mbele ya wembe, na ukakutana na mahali ambapo chuma hakikulingana uimara wake, makali humeguka vipande vidogo kuliko hata upana wa unywele wenyewe. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka babu yangu, ambaye alikuwa akijifunika uso kwa kitambaa cha maji moto akakaa kimya barazani muda wa kunywa kikombe cha kahawa kabla ya kuugusa wembe, na sisi wajukuu tulidhani kwamba amelala.

Sasa, kumwambia mtu wa Lamu atie maji ni kumwambia jambo lenye mtihani ndani yake, maana tumezungukwa na maji pande zote na maji matamu ni ya kuhesabu. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na sabuni ikitiwa kwenye maji hayo haitoi povu ila utando wa kijivu unaogandamana na brashi, kwa sababu chokaa na madini mengine yaliyomo huishika sabuni kabla haijafanya kazi yake. Maji matamu ya mji wetu hutoka Shela, ambako mvua huchujwa na vile vilima vya mchanga ikakaa ardhini juu ya maji ya chumvi kwa kuwa yenyewe ni mepesi zaidi. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na anayenyoa kwa sabuni atalitambua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani. Kwa majuma mawili ya mwanzo nilidhani kwamba sabuni yangu ni mbovu. Siku nilipotumia maji ya mvua tuliyoyakinga kutoka paani, povu lilijaa hadi likanimwagikia mkononi, nikaelewa kwa nini wazee wa visiwa vyetu walijenga majabia ya kuhifadhia mvua. Sasa ninatenga kikombe kimoja cha kahawa cha maji ya mvua kwa ajili ya povu pekee, na ya kusuuzia huwa ni yoyote yaliyopo. Kwa mtu wa Malindi au Mombasa anayetumia maji ya kisima, ushauri wangu ni huohuo, na msomaji wako, ambaye hakutaja maji yake hata kwa neno moja, angeanzia hapo.

Juu ya brashi nina jambo moja ambalo sikuambiwa na yeyote, nami naliandika kwa ajili ya Waislamu wenzangu. Brashi nyingi za bei nafuu zinazotoka ng'ambo zimetengenezwa kwa manyoya ya nguruwe, na wauzaji huliandika hilo kwa herufi ndogo mahali ambapo macho ya mnunuzi hayafiki. Zipo za manyoya ya farasi, zipo za manyoya ya mnyama wa Ulaya na Asia aliye jamaa ya nyegere wetu, na zipo za nyuzi za viwandani, ambazo ndizo nilizochagua, maana mbali ya kuniondolea shaka hukauka upesi katika hewa hii yetu ambayo haikaushi hata chumvi mezani. Muulize muuzaji, na akisitasita, rudisha mkono mfukoni.

Sabuni nayo iwe ya kunyolea. Sabuni ya mche ni ya nguo, na sabuni ya kuogea hutoa povu la kupendeza ambalo hufa shavuni kabla hujamaliza upande mmoja. Mimi hulipigia povu langu ndani ya kifuu cha nazi kilichokwanguliwa vizuri, kwa kuwa kinakaa kiganjani na mikwaruzo yake ya ndani husaidia. Brashi ikiwa imelowa na kukung'utwa, huizungusha juu ya sabuni kwa nusu dakika, kisha huihamishia kifuuni na kuongeza maji matone machache kwa wakati mmoja. Mwanzoni hutokea mapovu makubwa kama yale yanayoachwa na wimbi mchangani, na anayeanza hufurahi akadhani amemaliza. Hayo ni hewa tupu. Aendelee kuzungusha, aongeze tone, azungushe tena, mpaka asione povu moja moja bali kitu kizima, cheupe, kinachong'aa kama tui la kwanza, ambacho kifuu kikiinamishwa hakimwagiki. Kisha alipake usoni kwa kuzungusha brashi dhidi ya mlalo wa ndevu ili zisimame. Kazi yote hiyo hunichukua dakika tatu, na wakati mikono inashughulika ndevu zinaendelea kunywa maji.

Wembe wenyewe una mambo mawili, pembe na uzito, na yote mawili ni kinyume cha tuliyozoeshwa na mashine. Kiweke kichwa cha kishikio bapa shavuni, mkono wake ukielekea ukutani, kisha uteremshe mkono polepole mpaka makali yaguse; hapo utakuwa kwenye nyuzi 30 hivi, lakini usihangaike na kipimo, maana masikio yatakuambia kabla ya ngozi. Wembe uliokaa vizuri hutoa sauti kavu ndogo, kama ya mtu anayekwangua ukoko wa wali nyumba ya tatu kutoka kwako. Sauti ikipotea, pembe imepotea. Kuhusu uzito, kishikio cha chuma kinao wake na huo unatosha. Kazi ya mkono ni kukiongoza tu, kama mshika usukani wa jahazi asiyeshindana na tanga. Mimi nilijua kwamba nakandamiza siku nilipoamua kukishika kwa ncha za vidole, chini kabisa ya mkono wake, mahali ambapo hata ningetaka kukandamiza nisingeweza. Kila mpito usizidi upana wa vidole viwili, na mkono wa pili uwe unaivuta ngozi ikaze.

Kisha kuna mlalo wa ndevu, na hapa ndipo ninapoamini kwamba shingo ya msomaji wako ilipoteketea. Mashine haijali ndevu zimelala wapi, kwa hiyo mtu anaweza kunyoa kwa mashine maisha yake yote bila kuujua uso wake. Kaa siku mbili bila kunyoa, halafu pitisha kidole polepole kila mahali: upande unaoteleza ndio mlalo, upande unaokwaruza ni kinyume chake. Mashavuni karibu watu wote hushuka chini, lakini shingoni kila mtu na dunia yake. Mimi upande wa kushoto, chini ya taya, ndevu zangu zimelala kuelekea sikioni, na kwa miaka zaidi ya 20 sikuwa na habari. Anayeanza afuate mlalo tu, mpito mmoja, aoshe uso, aache. Uso hautakuwa laini kama wa mtoto, nao haupaswi kuwa hivyo katika mwezi wa kwanza. Tamaa ya ulaini ndiyo inayomfanya mtu arudi mara ya pili na ya tatu, kinyume cha mlalo, juu ya ngozi iliyokwisha kupoteza povu lake, na kesho yake asubuhi akaandika barua gazetini.

Juu ya vipele vyenyewe ni lazima niseme kweli, hata kama kweli hiyo inampa msomaji wako nusu ya haki. Ndevu za watu wengi wa asili ya Kiafrika zimejikunja, na udevu uliojikunja ukikatwa karibu mno na ngozi, ncha yake iliyochongoka hugeuka ikachoma ngozi au ikakulia ndani yake, mwili nao ukauvimbia kama unavyouvimbia mwiba. Viwembe vya plastiki vyenye makali matatu au matano vina hatari yake hapo, kwa kuwa kali la kwanza huuvuta udevu na la pili huukata, kisha udevu hurudi chini ya ngozi na kuanza safari yake ukiwa tayari umezama. Wembe mmoja, uliofuata mlalo, juu ya ndevu zilizolainika, hupunguza balaa hilo, na kwangu ulilimaliza baada ya mwezi hivi. Hata hivyo wapo ambao ngozi zao hazikubali wembe wa aina yoyote, na kwa hao madaktari wa ngozi hushauri waache kunyoa kwa muda au wapunguze kwa mashine ya kinyozi inayoacha ndevu fupi za milimita moja hivi. Ikiwa msomaji wako ni mmoja wao, basi mashine yake ni dawa, na mimi namwomba radhi. Lakini siku kumi hazitoshi kulijua hilo, hasa siku kumi za kunyoa kila siku juu ya vipele vya jana.

Alitaja pia hofu ya maradhi, na hofu hiyo ninaijua ilipotoka. Sisi tuliokuwa vijana miaka ya mwisho ya 1980 na iliyofuata tuliambiwa, kwa haki kabisa, kwamba wembe mmoja usipite kwa watu wawili, kwa sababu damu hubeba virusi vya ukimwi na vya homa ya ini, na vile vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa nje ya mwili angalau siku 7 vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Vinyozi wakaanza kuweka nyembe pembeni na kununua mashine. Mafunzo yalisema kila mtu awe na wembe wake. Sisi tukasikia kwamba wembe uachwe. Nami naona kwamba anayejinyolea nyumbani kwa kishikio chake na wembe alioufungua mwenyewe kutoka kwenye karatasi ameyatii mafunzo hayo barabara, wakati mashine inayopita kwenye vichwa 30 kwa siku bila kutiwa hata spiriti inaendelea kutugawia mapunye.

Wembe mpya hunitosha kunyoa mara nne au tano, na ukianza kuvuta huutupa, kwa kuwa wembe butu hukata watu kuliko wembe mkali. Hewa yetu ya chumvi hula chuma, kwa hiyo baada ya kunyoa husuuza kwa maji matamu, hukung'uta, na huacha kishikio kimesimama mahali penye upepo. Kufuta makali kwa taulo ni kuharibu makali na taulo kwa pamoja. Nyembe kuukuu huzitia kwenye kopo la maziwa ya unga nililolipasua mfereji mwembamba kifunikoni. Nawasihi wote wafanye hivyo, maana katika vichochoro vyetu taka hupekuliwa na punda kabla ya kufika jalalani, na watoto hutembea pekupeku. Kopo likijaa ni chuma kitupu kinachoweza kuyeyushwa, tofauti na viwembe vya plastiki ambavyo chuma na plastiki yake havitengani. Mji huu ulitoa mwaka 2018 jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na ndara zilizotupwa, na mafundi wake wangeweza kutueleza ni uchafu wa namna gani unaoletwa na bahari pwani kwetu.

Najua wapo watakaoniambia kwamba ndevu hazifai kunyolewa kabisa. Suala hilo lina wenyewe, nami siliingilii. Hata mwenye ndevu zake ana mashavu na shingo ya kusafisha, na hapo wembe na maji ni vilevile. Tena wengi wetu huku pwani tulinyolewa kwa mara ya kwanza siku ya saba ya maisha yetu, kichwa kikiwa kimeloweshwa kwa kiganja cha bibi, kwa wembe, bila umeme, na sijasikia mzazi aliyependekeza kwamba mtoto anyolewe kavu.

Namshauri msomaji wako apumzishe shingo majuma mawili, ajaribu povu lake kwa maji ya mvua, anunue shabu ya shilingi chache badala ya yale maji ya chupa yenye spiriti yanayochoma bila kutibu, kisha aanze na mashavu peke yake. Shingo aiache kwa mashine mpaka mkono wake uzoee. Mimi mwenyewe, baada ya mwaka mzima, bado pale pahali pamoja chini ya taya la kushoto pananishinda, na kila Alhamisi jioni huenda Langoni na wembe wangu mpya ndani ya karatasi yake, nikakaa kigodani, naye mzee huniwekea kitambaa cha maji moto shingoni akaendelea na mazungumzo yake na watu wa barazani mpaka aone kwamba nimelowa vya kutosha.

Wako,
Mwalimu wa shule ya msingi,
Mkomani, Lamu